Namba moja tu, na ramani inageuka

Leo tuweke pembeni kidogo mambo ya dosie, vyeti na kutafuta kazi. Tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu tulikicheza usiku kwenye ordinatere wakati umeme ulikuwepo: ramani za michezo ya mbinu. Siongelei zile zinazotoka kwa kampuni pamoja na mchezo. Naongelea zile zilizotengenezwa na wachezaji wenyewe, ambazo mara nyingi watu wanazipenda kushinda mchezo uliozizaa.

Kila mtu aliyependa ramani ya namna hiyo anaijua siku hii. Toleo jipya linafika. Unafungua, unaona mto ni ule ule, njia ni zile zile, miti iko fasi yake. Unacheza kama kawaida na unapigwa vibaya. Mmoja anasema: "Wameharibu ramani yetu." Mwingine anajibu: "Acha kulalamika, wamegusa namba moja tu." Kumbe wote wawili wanasema kweli. Kweli ni namba moja iliyoguswa, na kweli ramani si ile tena.

Nataka tuelewe namna gani jambo hilo linawezekana. Jibu langu ni fupi: namba peke yake haina maana, ramani njo inaipa maana. Tuende polepole.

1. Ramani ni zaidi ya ardhi

Tuanze na mfano ambao wengi wanaujua. Warcraft III ya kampuni ya Blizzard Entertainment ilitoka mwaka 2002, na nyongeza yake, The Frozen Throne, ikafuata mwaka 2003. Mchezo ulikuja na chombo cha kutengeneza ramani, na chombo hicho kilikuwa na nguvu sana: unaweza kubadilisha ardhi, askari, bei, hata sheria zenyewe. Mtengenezaji mmoja anayejulikana kwa jina la Eul akatoa ramani ya DotA. Wengine wakaiga na kuchanganya mpaka ikazaliwa DotA Allstars, ambayo ilishikwa na Steve Feak, anayeitwa Guinsoo, kisha tangu mwaka 2005 na mtu anayejiita IceFrog.

Ndani yake kuna wachezaji watano dhidi ya watano, njia tatu, mto katikati, Sentinel chini kushoto na Scourge juu kulia. Kila sekunde 30 askari wadogo wanatoka pande zote mbili na kukutana njiani. Kila mchezaji anaongoza shujaa mmoja.

Ramani yote ilikuwa faili moja ya megabaiti chache, inaingia kwenye flashi bila shida. Lakini ili mcheze pamoja, lazima wote muwe na faili ile ile. Mwenye 6.48b hawezi kuingia kwa mwenye 6.59d. Kwa hiyo toleo halikuwa jambo la mapambo. Lilikuwa linaamua ni nani unaweza kucheza naye.

Sasa, ndani ya faili ile kuna tabaka nne. Kuna ardhi: milima, mto, miti, milango. Kuna namba: uhai, pigo, bei, mwendo. Kuna sheria za wakati: nani anatoka lini, anarudi lini. Na chini ya yote kuna injini ya mchezo, ambayo mtengenezaji wa ramani hana mamlaka juu yake. Jicho linaona tabaka la kwanza tu. Mabadiliko ya mizani mara nyingi yanapita katika yale matatu mengine, njo maana tunashangaa.

2. Kitu kinachokosekana ndicho kinachotawala

Waliosoma agronomia pamoja nami watacheka, lakini hapa Liebig anasaidia. Huyu mwanakemia Mjerumani wa karne ya 19 aliisambaza kanuni moja: mavuno yanapimwa na kirutubisho kilicho kichache kuliko vyote, wala si na kile kilicho kingi. Kwenye udongo wetu mwekundu wenye asidi, fosforasi inashikwa na chuma na aluminiamu, mmea hauipati. Unaweza kumwaga urea vile unataka, mahindi yatabaki mafupi na majani ya rangi ya zambarau. Umeongeza kitu ambacho hakikuwa shida.

Ramani inafanya vile vile. Katika dakika za kwanza za DotA, kilicho kichache ni dhahabu na maono. Askari mdogo wa adui anakupa dhahabu tu ikiwa pigo la mwisho ni lako, na adui anaweza kumuua askari wake mwenyewe mapema ili ukose. Na bila jicho lililosimikwa msituni, hujui nani anakuja kukuua. Sasa fikiria mtengenezaji anamwongezea shujaa mmoja nguvu za uchawi wakati shujaa huyo hakuwahi kukosa nguvu hizo. Hakuna kitakachotokea. Lakini akipunguza bei ya jicho kidogo tu, njia zote tatu zinabadilika: mwindaji anaonekana mapema, aliyekuwa anajificha karibu na mnara wake anathubutu kusonga mbele, shujaa wa kuvizia anapoteza kazi. Namba ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, lakini iligusa kitu kinachokosekana.

3. Kizingiti

Jambo la pili ni hesabu ya darasa la msingi. Tuchukue StarCraft, mchezo mwingine wa Blizzard, ju namba zake zinajulikana sana.

Zealot wa Protoss anapiga mara mbili kila anaposhambulia, 8 na 8, jumla 16. Zergling ana uhai wa 35. Shambulio la kwanza 16, la pili 32, bado 3. Anahitaji la tatu. Sasa Zealot ananunua ngazi ya kwanza ya silaha: 9 na 9, jumla 18. Mashambulio mawili ni 36. Zergling amekufa. Nguvu iliongezeka kwa sehemu moja ya nane, lakini kazi ya kuua imepungua kwa theluthi moja.

Ngazi ya pili je? 10 na 10 ni 20, mara mbili ni 40. Bado mashambulio mawili. Ngazi ya tatu, 22, bado mawili. Umelipa na mbele ya Zergling hujapata kitu. Na adui akinunua ngao ya ngazi ya kwanza, kila pigo linapungua kwa moja, tunarudi 16, tunarudi mashambulio matatu.

Kwa hiyo ukisoma "pigo limeongezwa kwa 1", bado hujui kitu. Uliza: je, limevuka kizingiti? Kisha uliza tena: kizingiti hicho kiko wapi kwenye ardhi? Pale ambapo Zealot wawili au watatu wanasimama bega kwa bega kwenye mlango mwembamba, mashambulio mawili badala ya matatu ni tofauti kati ya mlango unaoshika na mlango unaovunjika. Kwenye uwanja mpana ambapo Zergling wanazunguka pande zote, faida ile ile inapungua uzito.

4. Badiliko moja, ramani mbili

Mwaka 2001, sasisho namba 1.08 la StarCraft: Brood War lilipandisha bei ya jengo la Zerg linalowezesha kuzaa Zergling, kutoka madini 150 mpaka 200. Madini 50 tu. Wafanyakazi wanayakusanya kwa sekunde chache.

Lakini sekunde chache hizo zina bei tofauti kila fasi. Kwenye ramani ndogo, ambapo makambi yako karibu na kila mmoja anajua adui yuko wapi, shambulio la mapema linategemea sekunde hizo. Kwenye ramani kubwa yenye nafasi nne za kuanzia, mshambuliaji kwanza lazima akisie adui yuko kona gani, halafu atembee mbali. Huko sekunde zilikuwa zinapotea tayari kwa kutafuta.

Mlima pia unagawa bei. Katika StarCraft, anayepiga risasi kutoka chini kwenda juu anakosa karibu nusu ya risasi zake. Katika DotA, anayepiga kutoka chini anakosa asilimia 25. Kwa hiyo ukimwongezea askari wa mbali umbali wa kupiga, umewasaidia zaidi wale ambao ramani yao ina vilima karibu na makambi. Wachezaji wa Lost Temple wanakumbuka ule mwamba ulio juu ya kambi ya pili: mchezaji wa Terran alishusha vifaru pale na kupiga mgodi mzima akiwa salama. Kifaru hakikuwa na kosa. Mwamba njo ulimpa ile nguvu.

Baada ya lile sasisho la 1.08, namba za askari wa Brood War karibu hazikuguswa tena. Kule Korea Kusini, ambako mchezo ulikuwa na ligi za kulipwa, mizani ikatafutwa kwa njia nyingine: walibadilisha ramani. Kabila moja likishinda kupita kiasi, ramani mpya zinawekewa milango myembamba zaidi, au njia ndefu zaidi, au mgodi wa pili ulio rahisi kulinda. Mbegu ileile, shamba jingine. Ni ushahidi mkubwa kwamba namba na ardhi ni mizani moja: unaweza kuisawazisha kwa kuongeza uzito upande wowote.

5. Dawa iliyopita kipimo

Turudi kwa DotA tuone badiliko lililojaribu kuponya ugonjwa wa kweli. Wakati huo Dota 2 ya kampuni ya Valve ilikuwa inafuata namba za matoleo sawa na zile za ramani ya Warcraft III. Julai 2014, kwenye mashindano makubwa kule Seattle, Newbee waliwapiga Vici Gaming 3 kwa 1 kwenye fainali. Watazamaji wengi hawakufurahi. Michezo ilikuwa mifupi: timu inajikusanya mapema, inavunja minara, na aliyebaki nyuma harudi tena.

Septemba mwaka ule, toleo 6.82 likaja na jibu. Kati ya mengi, hesabu ya dhahabu ya kuua ilibadilishwa: timu iliyo nyuma ikiua shujaa wa timu iliyo mbele, inapata dhahabu nyingi, kadiri pengo lilivyo kubwa. Wazo ni zuri. Nani hapendi mchezo ambao unaweza kurudi?

Lakini angalia kilichotokea kwenye ardhi. Ili ushinde, lazima upande kilima cha kambi ya adui. Kule juu adui anakuona, wewe humwoni, na robo ya mapigo yako yanapotea. Kabla, hatari ya kupanda ilikuwa inalipwa na faida uliyokusanya. Sasa ukipanda na kuanguka, unamlipa adui dhahabu ya kumrudisha mchezoni. Kwa hiyo timu zilizo mbele zikaanza kuogopa mlango. Wanazunguka, wanangoja. Na ukingoja, nani anafaidika? Mashujaa wa mwisho wa mchezo na wale wa kulinda kutoka mbali. Sniper, ambaye anaweza kupiga kutoka umbali wa 950 akishakomaa, na Troll Warlord, wakawa wanaonekana kila mahali, hasa katika toleo 6.83 lililofuata. Sniper hakuwa shujaa mpya, alikuwepo tangu zamani. Kilichobadilika ni bei ya kupanda kilima.

Matoleo yaliyofuata yalipunguza ile hesabu mpaka ikavumilika. Mtu aliyesoma mstari wa dhahabu bila kuwaza kilima hakuweza kuona Sniper akija.

6. Mkono wa mwenye injini

Hapa tunafika kwenye sehemu ambayo inaumiza zaidi. Si kila badiliko linatoka kwa mwenye ramani.

Ramani ya Warcraft III haihifadhi askari wote wazima. Inahifadhi tofauti tu: kile ambacho mtengenezaji alibadilisha. Kingine chote kinasomwa kutoka kwenye mchezo wenyewe. Kwa hiyo ukimwacha Footman na uhai wake wa kawaida, 420, na kesho kampuni ikabadilisha uhai huo kwa ajili ya mechi zake, askari wa ramani yako amebadilika bila wewe kujua.

Tufanye hesabu ya mfano. Una ramani ya kulinda kwa minara. Tuache ngao pembeni. Mnara wako unapiga 84 na unapata muda wa kupiga mara tano kabla Footman hajapita. 84 mara 5 ni 420, anakufa palepale mlangoni. Sasa mpe uhai wa 430. Anapita na uhai wa 10. Si mmoja: wote wa kundi lile wanapita, wachezaji wanapoteza, na wanakuandikia matusi wewe ambaye hukugusa kitu.

Na kuna lililokuwa zito kuliko hilo. Watengenezaji walikuwa wamegundua kasoro katika JASS, lugha ya programu ya ramani za Warcraft III, iliyowawezesha kuhifadhi taarifa kwa namna ambayo mchezo haukupanga. Ramani nyingi kubwa, DotA ikiwemo, zilijengwa juu ya kasoro hiyo. Shida ni kwamba mlango huo huo ungeweza kutumiwa na mtu mbaya kuendesha programu yoyote ndani ya ordinatere yako. Mwaka 2009, kwa sasisho namba 1.24, Blizzard wakaufunga. Walitoa njia mpya halali ya kuhifadhi taarifa, na wakapandisha ukubwa wa ramani za kucheza pamoja kutoka megabaiti 4 mpaka 8. Ilikuwa haki kufunga. Lakini ramani zilizotegemea kasoro ile zilikufa kama hakukuwa na mtu wa kuziandika upya. DotA ilipona ju ilikuwa na mwenye kuishughulikia. Ramani ndogo ambayo mwenyewe ameoa, amepata kazi na ameacha mchezo, nani ataitengeneza?

Hapo njo kuna jambo la kweli la kupoteza. Ramani ni maarifa ya watu. Mtu aliyejua kwamba viumbe wa msituni wanarudi kila dakika kama kambi yao iko tupu, kwamba ukiwavuta sekunde ya 15 au ya 45 wanakutana na askari wako njiani, alijifunza hayo kwa usiku mingi. Sogeza kambi hatua chache tu, na maarifa hayo yamekuwa historia.

7. Namna ya kupima kabla ya kulia

Kwa wale ambao wanatengeneza ramani zao, au wanataka kubishana kwa akili, nachukua kanuni za shamba la majaribio.

Kwanza, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mbegu, mbolea na nafasi kati ya mistari kwa msimu mmoja, hutajua ni nini kilileta mavuno.

Pili, weka kiwanja cha ushuhuda. Baki na faili la toleo la zamani, mcheze yote mawili na watu wale wale.

Tatu, badilishaneni pande. Shamba lenye mteremko tunaligawa katika vitalu ili mteremko usidanganye matokeo. Ramani nayo ina mteremko wake: kwa miaka mingi wachezaji wa DotA walijua kwamba Scourge wanafika kwa Roshan kwa urahisi kuliko Sentinel. Timu isipobadilisha upande, utapima upande na kusema umepima shujaa.

Nne, rudia vya kutosha. Tuseme shujaa ameshinda mara 6 kati ya 10. Sarafu ya haki kabisa inatoa 6 au zaidi kwa karibu asilimia 38 ya majaribio. Hujaona kitu. Lakini akishinda mara 60 kati ya 100, sarafu ya haki inafanya hivyo chini ya mara 3 kwa 100. Hapo unaweza kuongea.

Tano, na hii njo ya muhimu kuliko zote: usihesabu ushindi tu, hesabu njia zilizobaki hai. Ramani inaweza kuwa 50 kwa 50 huku watu wote wanafanya kitu kimoja. Mizani ya namna hiyo ni kama kula bukari bila mboga kila siku: tumbo limejaa lakini mwili haujengeki. Badiliko zuri linaacha mbinu nyingi zikiwa na nafasi ya kushinda. Badiliko baya linaacha moja.

Kwa hiyo toleo jipya likifika, usianze na "wameharibu", wala na "ni namba moja tu". Chukua orodha, na mbele ya kila mstari uliza: kinachokosekana hapa ni nini? Kizingiti gani kimevukwa? Kilima kiko wapi? Nani amebadilisha, mwenye ramani au mwenye injini? Ukijibu hayo manne, utajua kama ramani yako imekufa au inaota majani mapya. Na faili la zamani, usilifute.